Mwongozo kwa Mwenye Ugonjwa wa Tezi ya Thairoidi: Namna ya Kupima Dawa ya Hospitali na Dawa ya Asili Kabla ya Kuamua

Haupiti muda mrefu, pale ninapotolea dawa hapa Mombasa, kabla mtu hajaweka vidonge vyake vya tezi juu ya kaunta na kuuliza moja kati ya maswali yale yale. Je, ni lazima nivimeze maisha yangu yote? Je, habasoda haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo? Nimeambiwa mwani unayeyusha rovu, ni kweli? Daktari amesema tuangalie kwanza, basi kwa nini nisitumie miti shamba huku nikisubiri? Maswali haya ni ya haki, na mwenye kuyauliza hastahili kukaripiwa, kwa kuwa ni yeye atakayeishi na uamuzi wake. Nimeandika mwongozo huu ili msomaji aweze kuamua kwa utaratibu, badala ya kuvutwa huku na jirani na kule na tangazo la kwenye simu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Dawa ya hospitali na dawa ya asili si maadui, lakini pia hazilingani, na swali la ipi iliyo bora halina jibu mpaka ujue tezi yako ina ugonjwa gani. Kuna hali ambazo kusubiri na kujaribu hakuna madhara makubwa, na kuna hali ambazo mwezi mmoja wa kujaribu unaweza kuutaabisha moyo au kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi kubwa ya maelezo haya ni kukusaidia kujua uko wapi, kisha uende kwa daktari wako ukiwa na la kusema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya majibu ya maabara, yenye tarakimu zenyewe pamoja na viwango vya kawaida vya maabara hiyo. Kauli ya kwamba "tezi imepanda kidogo" haitoshi kuamulia jambo lolote.
- Kila kitu unachokimeza, kikiwa ndani ya mfuko mmoja: vidonge vya hospitali, chupa za mafuta, unga wa mizizi, vitamini, na hata vidonge vya kukuza nywele.
- Daftari dogo la tarehe, dozi, uzito na mapigo ya moyo. Mapigo yahesabiwe asubuhi kabla hujatoka kitandani, kwa dakika nzima.
- Orodha ya magonjwa yako mengine, hasa ya moyo, kisukari na pumu, na taarifa kama una mimba au unaitafuta.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, nayo hutengeneza homoni za T4 na T3 zinazoongoza kasi ya mwili: moyo, joto, choo, hedhi, uzito na hata wepesi wa kufikiri. TSH haitoki kwenye tezi hiyo, bali hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama sauti ya msimamizi: fundi akizembea, msimamizi hupaza sauti, na fundi akizidisha kasi, msimamizi hunyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, kazi ya tezi imepungua, na TSH ikiwa chini, kwa kawaida tezi imezidisha. Wengi huyasoma majibu yao kinyume, na wapo wanaotafuta dawa ya "kushusha tezi" ilhali tezi yao imelala. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu kuwa kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0, ila fuata viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi yako.

Hatua ya 1: Lijue jina la ugonjwa wako

Neno "tezi" si jina la ugonjwa. Mwombe daktari akuandikie daftarini ni ipi kati ya hali zifuatazo.

Ya kwanza ni kazi ya tezi kupungua, ambapo TSH iko juu na T4 iko chini. Mgonjwa huchoka, hufunga choo, ngozi humkauka, uzito humpanda, hedhi huwa nzito, na husikia baridi mwezi wa Februari wakati nyumba nzima wanajipepea. Sababu moja kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa unaoitwa Hashimoto kwa jina la daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912, na hutambuliwa kwa kupima kingamwili za TPO, yaani protini za kinga zinazoilenga tezi.

Ya pili ni kupungua kulikojificha: TSH imepanda kidogo, kwa kawaida chini ya 10, lakini T4 bado iko sawa. Hapa ndipo penye nafasi kubwa zaidi ya kusubiri. Kipimo hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, na si wachache ambao TSH yao hurudi mahali pake bila ya dawa yoyote. Lishike jambo hili, kwa sababu mtu aliyekuwa anapona mwenyewe akinywa mizizi katika miezi hiyo, mizizi ndiyo itakayopewa sifa.

Ya tatu ni kazi ya tezi kuzidi: TSH iko chini, T4 au T3 iko juu, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, na mtu anakonda ilhali anakula vizuri. Ugonjwa wa Graves ndio chanzo kinachojulikana zaidi, na pengine huathiri macho.

Ya nne ni rovu au uvimbe ndani ya tezi, jambo linaloweza kutokea hata kama homoni zote ziko sawa. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kisha meza funda la maji huku ukiitazama shingo. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka pamoja na funda. Uvimbe mwingi si saratani, ila huwezi kuujua kwa kuupapasa. Hupigwa picha ya ultrasaundi, na ikilazimu chembe chache huchukuliwa kwa sindano nyembamba.

Iko pia hali ya tezi kuvurugika ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ambayo mara nyingi huanza kwa kuzidi, kisha ikapungua, na kwa wanawake wengi ikatulia. Hapa kwetu mama aliyechoka kupita kiasi baada ya arubaini huambiwa ni malezi tu. Huenda ni malezi kweli, ila kipimo kimoja cha damu kitaondoa shaka.

Onyo: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga vipimo katika mashine za maabara nyingi, vikaonyesha TSH ya chini na T4 ya juu isiyokuwepo. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umweleze daktari.

Hatua ya 2: Tenga hali zisizo za kujaribiwa

Ukiwa katika mojawapo ya hali hizi, dawa ya asili isichukue nafasi ya matibabu ya hospitali hata kwa wiki moja.

- Una mimba au unaitafuta. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama kwa ukuaji wa ubongo wake. Aliyekuwa akitumia levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya tezi, kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi mara tu mimba inapothibitishwa, kwa hiyo aende kliniki siku hizo hizo na wala asisubiri tumbo lionekane.
- Mgonjwa ni mtoto, na hasa mtoto mchanga.
- Kazi ya tezi imezidi. Moyo unaokwenda mbio kwa miezi huweza kupoteza mpangilio wake, na homoni zikipanda ghafla hali hugeuka kuwa ya hatari ya kufa.
- Tezi yako imeondolewa yote kwa upasuaji, au imemalizwa kwa iodini ya mnururisho. Hakuna mti wa kuamsha tezi isiyokuwepo.
- TSH yako iko juu ya 10 na T4 imeshuka.
- Una uvimbe ambao haujachunguzwa.

Kuhusu hilo la mwisho, nasisitiza: shingo isichanjwe kwa wembe, isichomwe, wala isipakwe dawa ya kubabua ngozi. Sehemu hiyo imejaa mishipa mikubwa ya damu, na kidonda chake humchelewesha mgonjwa kufikia uchunguzi aliouhitaji tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Ipe dawa ya hospitali nafasi ya haki

Wengi wanaoniambia kwamba vidonge havikuwasaidia hawakuvitumia inavyotakikana, na hivyo dawa ya asili ikapewa ushindi dhidi ya dawa iliyomezwa vibaya. Levothairoksini ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, yenye umbo lile lile la homoni ya mwili wako. Dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi hukadiriwa kuwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani karibu mikrogramu 100 kwa mtu wa kilo 60. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa chini, kwa mikrogramu 12.5 au 25, kisha hupandishwa polepole na daktari.

Imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, halafu usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Hapa ndipo watu wa Mombasa tunapokosea: kidonge humezwa kwa chai ya maziwa huku hamri liko mkononi na mbaazi za nazi ziko mezani, au kwa kikombe cha kahawa tungu barazani baada ya sala ya alfajiri. Kahawa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, na kadhalika soya, vidonge vya kalsiamu, dawa za kiungulia, na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki. Chuma na kalsiamu viachanishwe na levothairoksini kwa saa 4.

Katika mwezi wa Ramadhani kuna njia mbili zinazokubalika. Unaweza kuimeza wakati wa kulala, ikiwa zimepita angalau saa 3 tangu ulipokula mara ya mwisho, au ukaamka nusu saa kabla ya daku, ukameza kwa maji, kisha ukala. Chagua moja na uishike mwezi mzima. Usiimeze pamoja na futari, kwani tende, uji na viazi vya nazi vitaifuata papo hapo tumboni.

Halafu kuna joto letu. Pakiti nyingi za dawa hii zimeandikwa kwamba ihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na mchana wa Mombasa hupita 30 kwa miezi mingi. Usiweke vidonge jikoni, juu ya friji, bafuni wala ndani ya gari, na usivitoe kwenye pakiti yake kuvitia katika kikopo cha wazi, maana unyevu pia huviharibu. Chumba kisichopigwa na jua la alasiri ndicho mahali pake.

Usiihukumu kabla ya wiki 6. Nusu ya T4 uliyomeza leo bado imo mwilini baada ya wiki moja hivi, ndiyo maana dozi ikibadilishwa TSH hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8, na kupima mapema ni kupoteza fedha.

Kwa mwenye tezi iliyozidi, dawa inayotumika sana ni kabimazoli, ambayo kwa ugonjwa wa Graves hutumiwa mara nyingi kwa miezi 12 hadi 18, na baadhi ya watu hupona kwa muda mrefu baada ya kuimaliza. Propranololi huongezwa ili kutuliza moyo, ila mwenye pumu asipewe. Pasipofaa vidonge, hubaki iodini ya mnururisho, ambayo kwa watu wa Pwani mara nyingi humaanisha safari ya Nairobi, au upasuaji. Madhara yapo na ni haki yako kuyajua. Ukitumia kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, acha kidonge na upime hesabu ya chembe za damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hii, kwa nadra, huangusha chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi. Upasuaji nao unaweza kugusa mishipa ya sauti au tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu. Anayekuuzia matibabu ya hospitali kana kwamba hayana upande wa pili hakutendei haki.

Hatua ya 4: Ipitishe kila tiba mbadala katika maswali matano

Uliza: Kina nini ndani, na kiasi gani? Kimejaribiwa kwa watu wenye ugonjwa kama wangu, wangapi na kwa muda gani? Kitaigusaje dawa ninayoitumia? Ni kipimo gani kitakachonionyesha kwamba kimefanya kazi, na lini? Kikishindwa, nitakuwa nimepoteza nini? Maswali haya haya iulize dawa ya hospitali pia. Yafuatayo ni yale ninayoulizwa zaidi.

*Mwani.* Kina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, wanaulima baharini, na siku hizi unauzwa ukiwa unga, sabuni na rojo la kunywa. Sifa yake kwa tezi inatokana na iodini. Ni kweli kwamba tezi haiwezi kutengeneza homoni bila iodini, na ni kweli kwamba upungufu wake huleta rovu. Lakini mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 tu kwa siku, na mwani hutofautiana mno: gramu moja ya aina fulani huwa na mikrogramu makumi machache, na gramu ya aina nyingine ikawa na maelfu. Iodini iliyozidi huweza kuilaza tezi ya mwenye Hashimoto, na huweza kuichochea tezi yenye vinundu ikazidi. Kenya sheria inataka chumvi ya mezani itiwe iodini, kwa hiyo anayeitumia kila siku ana nafasi ndogo ya kuwa na upungufu. Anayepaswa kujiangalia ni yule anayepikia chumvi ya mawe iliyotoka moja kwa moja mashambani mwa chumvi kule Magarini, ambayo huenda haikutiwa kitu. Huyo anahitaji pakiti ya chumvi yenye iodini, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, na wala hahitaji kopo la rojo.

*Habasoda.* Hii naipa uzito zaidi, kwa sababu imeulizwa swali la kisayansi na ikajibu kwa kiasi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Irani kwa wagonjwa 40 wa Hashimoto, ambapo waliopewa gramu 2 za unga wake kila siku kwa wiki 8 walishuka TSH na kingamwili za TPO kuliko waliopewa unga usio na dawa. Matokeo hayo yanatia moyo. Hata hivyo, watu 40 ni wachache, na wiki 8 ni muda mfupi kwa ugonjwa wa miaka. Anayetaka kuongeza habasoda juu ya vidonge vyake, kwa kiasi kama hicho na kwa kumjulisha daktari, simkatazi. Anayetaka kuacha vidonge kwa ajili yake, hana utafiti wa kumuunga mkono. Mwenye kisukari au presha ajue kwamba habasoda inaweza kushusha sukari na presha, ikajumlika na dawa zake. Ukinunua kule Marikiti, nunua punje nzima uzisage mwenyewe, kwani unga uliokwisha kusagwa hujui umechanganywa na nini.

*Seleniamu.* Madini haya huweza kupunguza kingamwili, na kwa wenye matatizo mepesi ya macho ya Graves, mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6 ilionyesha faida katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011. Haichukui nafasi ya homoni, na ikipita mikrogramu 400 kwa siku huanza kuwa sumu: nywele hukatika na kucha huharibika, yaani dalili zile zile ulizokuwa ukizikimbia.

*Ashwagandha.* Dawa hii ya mizizi kutoka Bara Hindi inaweza kupandisha homoni za tezi, na hilo ndilo tatizo lake. Mwenye tezi iliyozidi asiiguse, na anayetumia levothairoksini anaweza kujikuta amezidisha dozi bila kujua. Imehusishwa pia na madhara ya ini.

*Vidonge vya "kusaidia tezi".* Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani, bidhaa 10 za aina hii zilipimwa, na 9 kati yake zilikutwa na T3 ndani. Mtu aliyedhani anatumia majani alikuwa anameza homoni kwa kipimo asichokijua. Tafuta namba ya usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, na isipokuwepo, rudisha kopo kwenye rafu.

*Tezi ya mnyama iliyokaushwa.* Hii huuzwa kama homoni ya asili. Historia yake ni ya heshima: mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mama mmoja aliyekuwa hoi kwa maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi mpaka 1919. Dawa ya hospitali ya leo ilianzia huko. Lakini ya siku hizi hutengenezwa zaidi kwa tezi ya nguruwe, jambo ambalo Mwislamu anapaswa kulijua kabla hajalipa, na ndani yake T3 ni nyingi mno ikilinganishwa na inayotolewa na tezi ya binadamu, hivyo moyo unaweza kwenda mbio.

*Muhogo, kabeji na mawele.* Vyakula hivi vina viambato vinavyoizuia tezi kuchukua iodini, ila huwa na madhara zaidi pale iodini inapokosekana na chakula ni kimoja kila siku. Muhogo ulioiva vizuri, uwe wa nazi au wa kuchemsha, pamoja na kachiri za jioni, si wa kuogopwa na mtu anayekula chumvi yenye iodini.

*Dua, kombe na hijama.* Kombe lililoandikwa kwa zafarani halibadilishi TSH, na wala halipingani na kidonge. Mwenye kupata utulivu wa moyo humo asinyimwe. Jihadhari na jambo moja tu, nalo ni sharti la kuacha dawa za hospitali "ili dawa hii ishike". Tabibu mwaminifu hakuwekei sharti hilo. Kwa hijama, wembe uwe mpya, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiifanye bila ruhusa ya daktari.

Hatua ya 5: Sema ukweli pande zote mbili

Mwambie daktari unachotumia, hata kama unahofia kukemewa. Sema hivi: "Daktari, natumia habasoda kijiko kimoja asubuhi, nataka kujua kama inagongana na dawa hii." Daktari anayekukatiza kwa hasira anaweza kubadilishwa, na kwenye sajili ya Baraza la Madaktari iliyo mtandaoni unaweza kuhakikisha kama huyo mwingine ana leseni. Mwambie na tabibu wa miti shamba kwamba unatumia levothairoksini au kabimazoli, umuulize majina ya miti aliyochanganya. Akikataa kuyataja, usinywe.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, kisha upime

Mama mmoja wa makamo alinimwagia mfuko wake juu ya kaunta: levothairoksini, chupa ya mafuta ya habasoda yenye kifuniko kilichonata, kopo la rojo la mwani, vidonge vya kalsiamu, na vidonge vya nywele vyenye biotini. TSH yake ilikuwa imeshuka. "Mwanangu," akaniuliza, "kipi kati ya hivi kimenisaidia?" Nikamjibu, "Mamangu, hakuna awezaye kujua." Huenda kidonge kimefanya kazi, huenda biotini imeidanganya mashine, huenda mwani umeichochea tezi.

Ndiyo maana nasema: anza na dawa ya msingi mpaka TSH itulie. Kisha ongeza kitu kimoja tu, andika tarehe, na usiguse kingine kwa wiki 8. Pima tena katika maabara ile ile. Ikiwa TSH haikusogea na hujisikii nafuu, kiache. Ikiwa imesogea, daktari ndiye atakayepunguza dozi, kidogo kidogo, kwa kufuata kipimo.

Mambo yakienda kombo

*TSH iko sawa lakini bado nimechoka.* Usikimbilie kuongeza dozi. Pima damu kama imepungua, sukari, vitamini D na B12, na ujiulize kuhusu usingizi na huzuni. Uchovu una milango mingi, na tezi ni mmoja tu.

*TSH hupanda na kushuka bila sababu.* Chunguza wakati unaomeza, unachokunywa nacho, mahali unapoweka dawa, na kama duka limekubadilishia kampuni ya dawa. Kampuni ikibadilika, pima baada ya wiki 6 hadi 8.

*Nimesahau kidonge.* Kimeze ukikumbuka siku hiyo hiyo, tumbo likiwa tupu. Siku moja haikuharibii, mazoea ndiyo yanayoharibu.

*Niliacha dawa miezi kadhaa na sikuona tatizo.* Pima kabla ya kusherehekea. Homoni hupungua polepole, na mwili huzoea ulegevu kiasi kwamba wewe ndiye wa mwisho kuutambua.

*Moyo unakwenda mbio bila mpangilio, nina homa na nimechanganyikiwa. Au nimepoa mwili, nasinzia na siamshiki. Au uvimbe umekua haraka, sauti imekwaruza, pumzi inabana. Au macho yameanza kuona viwili.* Haya si ya kusubiri miadi wala ya dukani kwangu. Nenda chumba cha dharura cha Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu nawe.

*Gharama zimenishinda.* Sema mapema, kabla hujaanza kugawa vidonge nusunusu. Levothairoksini isiyo na jina kubwa la kampuni hufanya kazi ile ile, mradi usibadilishebadilishe. Vipimo navyo vinaweza kupunguzwa: mgonjwa wa tezi iliyopungua ambaye ametulia kwenye dozi yake, na hana mimba, mara nyingi hutosheka na TSH peke yake kila baada ya miezi 6 hadi 12, na hana haja ya kulipia kingamwili kila anaporudi maabara.